Namna ya Kusoma Majina ya Mikoa ya China Yanapoandikwa kwa Kichina

Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa Guangzhou au Yiwu, mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo Wuhan, na mfasiri anayeletewa cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Harbin, wote hukutana mapema na majina ya mikoa ya China yaliyoandikwa kwa Kichina pekee. Majina hayo yamo kwenye leseni za biashara, vibandiko vya mizigo, tikiti za treni, vibao vya namba za magari na mabango ya mikahawa. Wengi hujaribu kuyakariri kwa sauti, moja baada ya jingine, na baada ya muda mfupi Hunan, Henan na Hainan huwachanganyikia kabisa. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Majina karibu yote yamejengwa kwa herufi chache zinazojirudia, na kila jina lina asili yake katika mto, mlima, ziwa au mji wa kale, kwa hiyo anayeanza na herufi hizo hulifikia jina zima bila kulikariri kama wimbo asioujua maana.

Hatua ya kwanza: tazama neno la mwisho

Serikali ya China inahesabu maeneo 34 ya ngazi ya juu kabisa chini ya taifa: mikoa 23, mikoa inayojiendesha 5, miji 4 inayosimamiwa moja kwa moja na serikali kuu, na mikoa 2 ya utawala maalumu. Katika ile 23 imehesabiwa Taiwan, ambayo Beijing inaidai kuwa mkoa wake ingawa kisiwa hicho kinaendeshwa na serikali yake yenyewe iliyoko Taipei.

Aina ya eneo huonyeshwa na neno linalofunga jina. Mkoa wa kawaida huishia na 省, linalosomwa shěng, kama katika 广东省, yaani Mkoa wa Guangdong. Mkoa unaojiendesha huishia na 自治区, zìzhìqū, na katika mikoa mitatu kati ya hiyo mitano jina la kabila huingizwa kabla ya neno hilo: 新疆维吾尔自治区 ni Xinjiang ya Wauyghur, 宁夏回族自治区 ni Ningxia ya Wahui, na 广西壮族自治区 ni Guangxi ya Wazhuang. Tibet, 西藏自治区, na Mongolia ya Ndani, 内蒙古自治区, hazina nyongeza hiyo. Hong Kong na Macau, zilizorudi chini ya China mwaka 1997 na 1999, huishia na 特别行政区, tèbié xíngzhèngqū, ingawa katika maandishi ya kila siku utaona tu 香港 na 澳门.

Penye utata ni 市, shì, yaani mji. Neno hilo hufunga majina ya Beijing, Tianjin, Shanghai na Chongqing, ambayo kila mmoja una hadhi ya mkoa, lakini pia hufunga majina ya mamia ya miji mingine iliyo ndani ya mikoa. 上海市 haina mkoa juu yake, ilhali 广州市 iko chini ya Guangdong. Kwa maandishi peke yake huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo miji hiyo minne, 北京, 天津, 上海 na 重庆, lazima uijue kwa moyo. Chongqing ndiyo inayosahaulika zaidi kwa sababu ilitengwa na Sichuan mwaka 1997 tu, na hati za zamani kuliko hapo huiandika chini ya mkoa huo.

Hatua ya pili: zoea tahajia kabla ya kukariri

Tahajia ya Kilatini inayotumika sasa, iitwayo pinyin, iliidhinishwa China mwaka 1958, na mwaka 1977 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu majina ya mahali uliikubali kwa majina ya kijiografia ya China. Herufi zake nyingi husomeka kama za Kiswahili, lakini chache husaliti: q ni karibu na ch yetu, x ni karibu na sh, zh ni karibu na j, c ni ts, na z ni dz. Kwa hiyo Guangxi husomwa karibu na «Guang'shi», Chongqing «Chong'ching'», na Zhejiang «Jejiang'». Yule ng wa mwisho wa neno ni ng' wa ng'ombe daima, wala si ng wa ngoma, jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili analipata bila taabu yoyote wakati wageni wengine hulihangaikia.

Kidatu cha sauti, yaani kupanda au kushuka kwa sauti kunakotofautisha maneno, huonyeshwa na alama zilizo juu ya irabu, na kwa kuwa ramani na tikiti huziacha alama hizo, majina mawili tofauti yanaweza kuonekana sawa. Mfano mkubwa ni 山西, Shānxī, na 陕西, Shǎnxī, mikoa miwili jirani ambayo bila alama ingeandikwa Shanxi yote. Ndiyo sababu mkoa wa pili, wenye mji mkuu wa Xi'an, huandikwa Shaanxi kwa a mbili. Namna hiyo ya kurudia irabu ilichukuliwa kutoka mfumo wa tahajia wa mwaka 1928 uliokuwa ukionyesha kidatu kwa herufi. Unapojaza fomu usiifute ile a ya pili ukidhani ni kosa la uchapaji, kwa sababu mzigo wa kwenda Xi'an ukiandikwa Shanxi umeelekezwa mkoa mwingine, ambao mji wake mkuu ni Taiyuan.

Hatua ya tatu: jifunze pande nne

Herufi 东 dōng ni mashariki, 西 xī ni magharibi, 南 nán ni kusini, na 北 běi ni kaskazini. Hizi nne peke yake zinakufungulia zaidi ya theluthi moja ya mikoa yote. Kumbuka tu kwamba Kichina hutaja kitu kwanza na upande baadaye, kwa hiyo 河南 imepangwa «mto» kisha «kusini».

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa tofauti ambayo lugha nyingi hazina. Tunaposema kaskazini ya mto tunamaanisha nje ya mto, na tunaposema kaskazini mwa nchi tunamaanisha ndani ya nchi hiyo. Majina ya mikoa ya China yamegawanyika vivyo hivyo. Henan, 河南, na Hebei, 河北, ni kusini ya mto na kaskazini ya mto, na mto wenyewe ni Huang He, Mto Manjano. Hunan, 湖南, na Hubei, 湖北, ni kusini na kaskazini ya ziwa, yaani Ziwa Dongting. Shandong, 山东, na Shanxi, 山西, ni mashariki na magharibi ya milima, na milima inayokusudiwa ni safu ya Taihang. Wasomaji wengi hudhani ni Mlima Tai, kwa sababu ya umaarufu wake, lakini huo umo ndani ya Shandong yenyewe na hauwezi kuwa mpaka wake.

Guangdong, 广东, na Guangxi, 广西, ni habari tofauti: hizo ni mashariki mwa Guang na magharibi mwa Guang, mgawanyo wa eneo moja uliowekwa zamani za enzi ya Song. Jiangxi, 江西, huwapotosha watu zaidi kuliko jina lingine lolote katika kundi hili. Ukilisoma moja kwa moja utadhani ni magharibi ya mto Yangtze, kisha utafungua ramani na kuukuta mkoa uko kusini ya mto. Jina hilo ni ufupisho: mwaka 733, chini ya Mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang, eneo la Jiangnan, maana yake kusini ya mto, liligawanywa kuwa la mashariki na la magharibi, na kutoka sehemu ya magharibi likabaki Jiangxi. Shaanxi nayo ni magharibi ya mahali paitwapo Shan, si ya mlima, na ndiyo maana herufi yake ya kwanza si 山 bali 陕.

Usitegemee jina likupe mpaka kamili wa leo. Mto Manjano umehama mara nyingi, na mwaka 1855 uliacha njia yake ya kusini ukaanza kumwaga maji kaskazini ya rasi ya Shandong, huku majina ya mikoa yakibaki palepale. Sehemu ya Henan iko kaskazini ya mto huo hata sasa.

Hainan, 海南, ni kusini ya bahari, kisiwa kilichokuwa sehemu ya Guangdong hadi mwaka 1988. Yunnan, 云南, kwa maana ya juu ya herufi zake ni kusini ya mawingu.

Hatua ya nne: fuata maji

Herufi 江 jiāng na 河 hé zote ni mto, 湖 hú ni ziwa, na 海 hǎi ni bahari. Zhejiang, 浙江, imepewa jina la kale la mto Qiantang unaopita Hangzhou. Heilongjiang, 黑龙江, ni Mto wa Joka Jeusi, ule ambao Warusi wa ng'ambo ya pili wanauita Amur. Qinghai, 青海, ina herufi ya bahari lakini iko mbali mno na pwani: kinachotajwa ni Ziwa Qinghai, ziwa kubwa la maji ya chumvi lililo juu ya nyanda za Tibet.

Sichuan, 四川, hutafsiriwa mara kwa mara kuwa mito minne, na waongozaji wa watalii hufurahia kuitaja hiyo mito. Asili yake ni wilaya nne za kiutawala za enzi ya Song zilizojulikana kwa pamoja kwa jina lenye neno 川. Tofauti hiyo haitakupotezea mzigo, ila mfasiri anayeandika maelezo ya chini ya ukurasa anapaswa kuijua.

Hatua ya tano: tambua majina ya kuunganishwa

Mikoa minne imepata majina kwa kuchukua herufi moja kutoka kila mji kati ya miji miwili. Jiangsu, 江苏, ni Jiangning, ambayo leo ni Nanjing, pamoja na Suzhou. Anhui, 安徽, ni Anqing na Huizhou. Mikoa hiyo miwili ilizaliwa mwaka 1667 pale mkoa mmoja wa Jiangnan ulipogawanywa. Fujian, 福建, ni Fuzhou na Jianzhou. Gansu, 甘肃, ni Ganzhou na Suzhou, lakini angalia: hiyo Suzhou ya Gansu ni 肃州 ya kaskazini-magharibi, karibu na jangwa, wakati Suzhou ya Jiangsu ni 苏州 yenye mabustani maarufu. Kilatini kinayafanya majina hayo kuwa pacha, herufi zake hazifanani kabisa.

Majina mengine yalitoka nje ya Kichina. Jilin, 吉林, lilitokana na Kimanchu, lugha ya waliotawala katika enzi ya Qing, na 内蒙古 ni «ndani» likifuatwa na jina la Wamongolia. Jilin ina mtego wake: kuna mkoa wa Jilin na ndani yake kuna mji wa Jilin, lakini mji mkuu wa mkoa ni Changchun. Ukiona 吉林省吉林市 hakuna aliyerudia neno kwa bahati mbaya. Kuhusu 西藏, Xīzàng, serikali ya China siku hizi hupendelea jina hilo badala ya Tibet hata inapoandika kwa lugha za kigeni, hivyo mfasiri ataliona zaidi na zaidi.

Hatua ya sita: kariri herufi moja moja za ufupisho

Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ndiyo wanaojifunza huiacha hadi mwisho. Kila eneo kati ya yale 34 lina herufi moja inayosimama badala ya jina zima. Gari la kawaida China hubeba herufi hiyo mwanzoni mwa kibao chake cha namba, ikifuatwa na herufi ya Kilatini inayoonyesha mji, na mara nyingi A ni mji mkuu wa mkoa. 粤A ni Guangzhou na 粤B ni Shenzhen, zote za Guangdong. 浙A ni Hangzhou, na 浙G ni Jinhua, ambako ndiko iliko Yiwu.

Habari njema ni kwamba maeneo 20 hutumia herufi iliyomo tayari katika jina lao. Beijing ni 京 na Tianjin ni 津. Liaoning, Jilin na Heilongjiang ni 辽, 吉 na 黑. Jiangsu na Zhejiang ni 苏 na 浙. Sichuan, Guizhou, Yunnan na Tibet ni 川, 贵, 云 na 藏. Shaanxi, Gansu, Qinghai, Ningxia na Xinjiang ni 陕, 甘, 青, 宁 na 新. Mongolia ya Ndani ni 蒙. Hong Kong, Macau na Taiwan ni 港, 澳 na 台.

Kazi iko kwenye 14 zilizobaki, ambazo herufi zake hazimo katika jina. Nyingi ni kumbukumbu za falme na mito ya kale, na ukiijua hadithi yake herufi haitoki kichwani. Shandong ni 鲁 Lǔ, jina la dola alikozaliwa Confucius. Shanxi ni 晋 Jìn, dola nyingine ya zama hizo. Henan ni 豫 Yù na Hebei ni 冀 Jì, majina ya maeneo mawili kati ya yale tisa ambayo mapokeo yanasema China ya kale iligawanywa. Hunan ni 湘 Xiāng na Jiangxi ni 赣 Gàn, kwa sababu ya mito Xiang na Gan inayozipitia. Hubei ni 鄂 È, Anhui ni 皖 Wǎn, Fujian ni 闽 Mǐn. Guangdong ni 粤 Yuè, Guangxi ni 桂 Guì, herufi ileile iliyo katika jina la mji wa Guilin, na Hainan ni 琼 Qióng. Chongqing ni 渝 Yú. Shanghai ni 沪 Hù, neno lililohusiana na mitego ya mianzi ambayo wavuvi walikuwa wakiisimika majini kabla ya mji huo kuwa bandari kubwa.

Anza na nne: 粤, 浙, 沪 na 京. Mfanyabiashara kutoka kwetu atakutana nazo kila siku ya safari yake. Kisha tafuta herufi hizo nje ya vibao vya magari. Reli ya mwendo kasi ya 京沪, iliyofunguliwa mwaka 2011 na yenye urefu wa kilomita 1,318, huunganisha Beijing na Shanghai. Barabara kuu 京港澳 hutoka Beijing kuelekea Hong Kong na Macau. Na 粤港澳 ni eneo la ghuba linalokusanya Guangdong, Hong Kong na Macau. Mkahawa wenye bango la 川菜 hupika kwa mtindo wa Sichuan, wenye pilipili kali, na 粤菜 ni wa mtindo wa Guangdong. Kujizoeza mitaani kwa namna hii kunafaa kuliko kukaa na orodha mezani.

Hatua ya saba: tumia maarifa hayo kwenye anwani na hati za kampuni

Anwani ya Kichina huanza na kikubwa na kushuka hadi kidogo, bila nafasi kati ya maneno. Chukua 广东省广州市越秀区小北路. Kata baada ya kila neno la ngazi: 省 mkoa, 市 mji, 区 wilaya ya mjini, 路 barabara. Unapata Mkoa wa Guangdong, Mji wa Guangzhou, Wilaya ya Yuexiu, Barabara ya Xiaobei, mtaa unaojulikana sana na wafanyabiashara kutoka Afrika. Wakati mwingine 市 hutokea mara mbili, kama katika 浙江省金华市义乌市. Si kosa: Yiwu ni mji wenye hadhi ya wilaya ulio chini ya mji mkubwa zaidi wa Jinhua. Unapomwandikia wakala wa mizigo, nakili herufi za Kichina kama zilivyo na uweke tahajia ya Kilatini chini yake, usiache moja kati ya hizo mbili.

Jina kamili la kampuni ya China kwa kawaida huanza na mahali iliposajiliwa, likifuatwa na jina la biashara, aina ya shughuli na maneno 有限公司 yanayoonyesha kuwa ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Kwa hiyo muuzaji anayejitambulisha kuwa ni wa Guangzhou huku hati yake ikianza na jina la mkoa mwingine anapaswa kuulizwa kabla ya fedha kutumwa. Huenda ana ofisi ya mauzo tu mjini humo, jambo la kawaida, lakini jibu lipatikane mapema.

Kuna uthibitisho wa pili ambao hauhitaji kusoma Kichina. Leseni ya biashara ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Ukianza kuhesabu kutoka kushoto, nafasi ya tatu hadi ya nane ni namba ya eneo la usajili, na mbili za kwanza kati ya hizo ni mkoa: 11 Beijing, 31 Shanghai, 33 Zhejiang, 35 Fujian, 37 Shandong, 44 Guangdong. Namba inayoanza 91440300 imesajiliwa Shenzhen. Mfumo huu humaliza hata utata wa Shanxi na Shaanxi, maana ya kwanza ni 14 na ya pili ni 61. Namba hii huonyesha mahali pa usajili, si lazima iwe mahali kilipo kiwanda.

Hatua ya nane: jiandae kwa herufi za zamani na tahajia za zamani

China bara ilirahisisha herufi zake kuanzia mwaka 1956, ila Hong Kong, Macau na Taiwan zinaendelea na zile za asili. Hati ya benki ya Hong Kong itaandika 廣東 badala ya 广东, 雲南 badala ya 云南, 遼寧 badala ya 辽宁, na 黑龍江 badala ya 黑龙江. Mikoa ni ileile. Nyingine, kama 山西 na 河南, hazikubadilika hata kidogo.

Ramani na vitabu vya kabla ya pinyin kuenea vina majina kama Peking, Kwangtung, Chekiang, Fukien, Szechwan na Chungking, ambayo ni Beijing, Guangdong, Zhejiang, Fujian, Sichuan na Chongqing. Canton ndilo gumu kulitafsiri, kwa kuwa limetumika kwa mji wa Guangzhou na pia kwa mkoa mzima wa Guangdong. Maonesho makubwa ya biashara yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957 bado yanaitwa ya Canton katika lugha za kigeni, lakini kwa Kichina ni 广交会, na 广 hiyo ni ya mji. Ukiikuta Canton katika hati ya zamani, tafuta Kichina kilicho kando yake: 州 ikifuata, ni mji, 东 au 東 ikifuata, ni mkoa.